Mwenye Elimu Apimwe kwa Nini?

Katika wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, kuna mahali paitwapo Liganga, ambapo jina lake limesikika nchini kwa miaka mingi kwa sababu ya chuma kilichomo ardhini mwake. Wapimaji wa madini wamekwenda huko kizazi baada ya kizazi. Wamechimba mashimo, wamechukua mawe, wameyapeleka maabara na kuandika ripoti. Na hesabu inayotajwa sana ni tani milioni 126 za mawe ya chuma. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili chuma hicho kichimbwe na kuyeyushwa. Miaka 10 ikapita baada ya mkataba huo, na chuma cha Liganga kilikuwa bado hakijatoka tanurini. Lakini zamani wahunzi wa Kipangwa, katika nchi ile ile ya Ludewa, waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo, wakafua majembe yaliyolima mashamba ya watu wengi, wala hawakuandika hesabu ya tani hata moja.

Hatusemi hivyo ili kuwabeza wapimaji. Asiyepima hajui alicho nacho. Twasema tu ya kwamba kupima kitu ni jambo moja, na kitu hicho kumfaa mtu ni jambo jingine. Na mwenye kuyachanganya mambo hayo mawili hupotea njia. Kosa hilo laweza kutokea si katika madini tu, bali hata katika kuwapima watu. Leo twawaalika wasomaji wetu wafikiri juu ya swali linalowahusu wataalamu wa sayansi, na ambalo kwa njia yao lamhusu kila alaye mazao ya shamba: je, thamani ya mtaalamu hujulikana kwa hesabu ya mara alizotajwa na wenzake?

Yafaa kwanza tueleze maana ya kutajwa huko. Mtaalamu anapofanya uchunguzi na kuuandika katika jarida la sayansi, hana budi kutaja maandishi ya wale waliomtangulia, ambao maarifa yao ameyatumia. Kwa asili yake hilo ni tendo la haki na la shukrani. Ni kukiri deni mbele ya watu. Anayeyaficha majina ya waliomfundisha amechukua kisicho chake. Mwaka 1964 Mmarekani mmoja, Eugene Garfield, alitoa huko Philadelphia faharasa kubwa iliyoonyesha nani amemtaja nani katika majarida ya sayansi. Nia yake ilikuwa kumsaidia msomaji kulifuata wazo moja toka andiko hili hata lile. Lakini madeni yalipokwisha kuandikwa katika daftari moja, watu wakaanza kuyahesabu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akabuni kipimo chepesi: mtaalamu mwenye maandishi 20 ambayo kila moja limetajwa walau mara 20 hupewa alama 20. Siku hizi mtu yeyote mwenye simu aweza kuitazama hesabu hiyo katika Google Scholar. Na katika vyuo vingi duniani wenye kuajiri, wenye kupandisha vyeo na wenye kugawa fedha za utafiti huitazama kabla ya kumtazama mtu mwenyewe.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Kutoka milima ya Ludewa nchi hushuka mpaka mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako muhogo ni tegemeo la nyumba nyingi. Mmea huo wasumbuliwa na magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni batobato, ambayo huyakunja majani na kuyatia madoa ya manjano. La pili ni michirizi ya kahawia, nalo lina hila kuliko lile la kwanza. Mara nyingi shina husimama vizuri, majani hukaa ya kijani, na mkulima huridhika. Siku ya kuvuna ndipo akatapo muhogo na kuona nyama yake imekufa ndani, ina rangi ya kahawia na imekauka kama kizibo, haifai kwa chungu wala kwa soko. Magonjwa hayo huenezwa na inzi weupe, na huenezwa pia na mikono yetu wenyewe, tunapopanda vipando vilivyokatwa katika mashina yenye ugonjwa. Habari za batobato ziliandikwa kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, na za michirizi ya kahawia ziliandikwa na H. H. Storey mwaka 1936. Na wote wawili waliandika juu ya mambo yaliyoonekana katika nchi hii.

Katika miaka yetu, mmoja wa waliofuata nyayo hizo ni Joseph Ndunguru, Mtanzania, ambaye elimu yake ni bayolojia ya molekuli, yaani elimu ya vitu vidogo mno ambavyo uhai umejengwa kwavyo. Mwaka 2005 yeye na wenzake walitoa katika Virology Journal uchunguzi wa vinasaba vya virusi vya batobato nchini Tanzania. Walionyesha ya kuwa Afrika Mashariki ni kitovu cha wingi wa aina za virusi hivyo, na ya kuwa virusi vya aina mbalimbali hubadilishana vipande vya vinasaba vyao. Akiwa katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Mikocheni, Dar es Salaam, aliongoza mradi wa kuchunguza magonjwa ya muhogo uliounganisha nchi 7 za Afrika. Mwaka 2015 yeye na wenzake wakachapisha orodha kamili za vinasaba 12 za virusi vya michirizi ya kahawia kutoka Afrika Mashariki, wakionyesha dalili kwamba aina za virusi hivyo ni nyingi kuliko zilivyodhaniwa. Baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Maandishi hayo yametajwa na wataalamu wa nchi nyingi, na ni haki yatajwe. Anayetaka kutengeneza kipimo cha kutambua virusi hana budi ajue kwanza virusi vyenyewe ni vya namna gani. Kipimo kilichotengenezwa kwa aina moja chaweza kuikosa nyingine, na mkulima akapewa vipando vinavyosemwa kuwa safi, kumbe amebebeshwa ugonjwa mpaka shambani kwake. Hapa basi kutajwa ni alama ya kweli ya kufaa: mwenzako asiyekujua, aliye nchi ya mbali, ameona kazi yako ni imara hata akajenga juu yake. Hatuna haki ya kuidharau alama kama hiyo.

Lakini tuutazame upande mwingine wa kazi hiyo hiyo. Kabla ya andiko palikuwa na jani. Na kabla ya jani palikuwa na mkulima aliyemkaribisha mgeni shambani, akamwonyesha shina linalomtia wasiwasi, akaeleza lilianza lini na vipando vilitoka wapi. Katika daftari la Garfield mkulima huyo hana mstari. Wala daftari halijui kama kuna mtu aliyerudi kwake kumweleza kilichoonekana. Ndunguru na wenzake waliofanya kazi Kenya, Uganda na Australia, miongoni mwao Laura Boykin, walijaribu kuifupisha safari hiyo ya kwenda na kurudi. Walichukua mashine ya kusoma vinasaba iliyo ndogo hata kushikika mkononi, wakaipeleka shambani, na majibu yakapatikana chini ya mti kwa muda wa saa chache. Habari ya jaribio hilo ilichapishwa mwaka 2019. Sasa, msomaji, fikiri: andiko hilo likitajwa mara 50, hesabu yaongezeka kwa 50. Mkulima mmoja akiambiwa ang'oe mashina yenye ugonjwa na kupanda vipando safi, akavuna, na watoto wake wakala, hesabu haiongezeki hata kwa moja.

Uko mfano mwingine ulio mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kilianza kuuchanganya muhogo na mti wa mpira ulio wa jamii yake, ili ipatikane mbegu ya kuyastahimili magonjwa hayo. Waliofanya kazi hiyo walikuwa Storey yule yule, pamoja na R. F. W. Nichols na D. L. Jennings. Mwaka 1957 kazi ilikoma. Lakini baadhi ya mbegu zilikuwa zimekwisha kufika mikononi mwa wakulima. Hao hawakuandika kitu. Walikata vipando wakapanda, wakawapa ndugu na majirani, wakaacha zilizowaangusha na kushika ile iliyowafaa, nao wakaiita kwa majina yao wenyewe. Katika pwani ya Kenya iliitwa Kaleso. Huku Tanzania iliitwa Namikonga. Miaka mingi baadaye wataalamu walipopima vinasaba waliona ya kuwa majina hayo mawili ni ya mbegu moja, ambayo yaaminika kuwa imetokana na kazi ya Amani. Na mwaka 2017 watafiti wakachapisha habari za sehemu za vinasaba vya Namikonga zinazohusika na kuihimili michirizi ya kahawia.

Basi tuulize: katika miaka 60 hiyo, ni nani aliyeitunza kazi ya Amani? Maandishi yalikaa katika makabati, na waliohitaji kuyataja walikuwa wachache. Mbegu yenyewe ilitunzwa na watu ambao hawakujua kwamba kuna daftari la kutajana, na laiti wangeitupa, watafiti wa leo wangekuwa na karatasi tu. Ndipo tunapoona kasoro ya hesabu hii. Kutajwa ni kukiri deni, ndiyo. Lakini ni kukiri deni la mwandishi kwa mwandishi. Madeni ya mwandishi kwa asiyeandika, na ya mtaalamu kwa mkulima, hayamo. Mwenye kumpima mtaalamu kwa kutajwa peke yake amechukua sehemu ya shukrani akaiita haki yote.

Tena hesabu hiyo haina uwiano wa hakika na ukuu wa kazi. Gregor Mendel, mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, alipanda njegere katika bustani ya monasteri kwa miaka kadhaa, akazichavusha kwa mkono na kuhesabu mbegu zake, hata akatambua kanuni za urithi. Alisoma kazi yake mbele ya chama cha elimu cha mji wake mwaka 1865, ikachapishwa mwaka 1866. Alikufa mwaka 1884 karibu pasipo mtu kuijali. Mwaka 1900 ndipo wataalamu wengine walipoifikia kanuni ile ile na kulikuta jina lake limewatangulia. Kama kamati ya leo ingalimpima siku aliyokufa, ingalimwandikia karibu sifuri. Kwa upande mwingine, andiko linalojulikana kutajwa kuliko yote katika sayansi, zaidi ya mara 300,000, ni la Oliver Lowry na wenzake la mwaka 1951, ambalo laeleza njia ya kupima kiasi cha protini. Ni njia iliyowafaa wengi, lakini Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa kazi kubwa. Na andiko la Watson na Crick la mwaka 1953, lililoonyesha umbo la kinasaba na kuufungua mlango wa elimu yote hii tunayoizungumza, halikuwamo hata katika orodha ya maandishi 100 yaliyotajwa kuliko mengine, ilipotolewa mwaka 2014.

Watu wa Njombe na Makambako hawana haja ya kufundishwa habari ya kipimo kilichoharibika, maana wanaijua lumbesa. Gunia la viazi ni kipimo halali, na sheria imeweka mwisho wa kilo 100. Lakini mnunuzi hulishonea gunia kipande juu, akalijaza mpaka likavimba, kisha akalipa bei ya gunia moja. Jina la kipimo limebaki, haki yake imetoka. Vivyo hivyo hesabu ya kutajwa, ikifanywa kuwa mlango wa cheo na riziki, hushonewa vipande juu. Mmoja hujitaja mwenyewe pasipo haja. Wengine hupatana kutajana. Wengine huukata uchunguzi mmoja vipande vitano ili uonekane matano. Na wengine hutiwa majina yao katika kazi wasiyoigusa. Hayo si maneno ya kusingizia, kwa kuwa majarida kadhaa duniani yamepata kuondolewa katika faharasa kwa ajili ya kutajana kwa hila.

Hata hivyo hila si hasara iliyo kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni ile inayompata mtu mwaminifu. Kijana anayeanza kazi ya utafiti hujiuliza achunguze nini. Akijua kwamba atapimwa kwa kutajwa, atavutwa kuchagua swali linalowashughulisha wengi katika nchi tajiri, kuliko ugonjwa wa zao la jirani zake. Kwa miaka mingi baada ya Storey, michirizi ya kahawia ilidhaniwa kuwa ugonjwa wa pwani na wa mwambao wa Ziwa Nyasa tu, na waliouchunguza walikuwa wachache. Mwaka 2004 ulipoonekana Uganda, katika nchi za juu ya mita 1,000, ndipo wengi waliposhtuka. Aliyeuchunguza kabla ya hapo hakutazamia kutajwa sana, kwa sababu hakukuwa na wengi wa kumtaja. Lakini ni wakati huo hasa, kabla moto haujapanda mlima, ambapo kazi yake ilihitajiwa. Hesabu humlipa vizuri anayefika penye watu. Humlipa kidogo anayetangulia.

Wako watakaosema: basi hesabu hizo zitupwe. Sisi hatuwezi kulikubali neno hilo upesi. Tujiulize palikuwa na nini kabla yake, na patakuwa na nini zikiondolewa. Mahali pasipo kipimo huingia kujuana. Mtu hupanda cheo kwa kuwa ni wa ukoo fulani, au amesoma na mkubwa fulani, au amejua kusifu. Binti wa mkulima wa Ludewa asiye na mjomba ofisini, lakini mwenye kazi safi iliyokubaliwa na wageni wasiomjua, ana haki ya kuiweka hesabu yake mezani na kusema: hawa hawakunitaja kwa sababu ya baba yangu. Hesabu ni ngao ya mnyonge, na si vema kumnyang'anya ngao yake kwa kuwa wengine wameitumia vibaya. Lumbesa nayo haikuondolewa kwa kuyachoma magunia. Dawa iliyotafutwa ni kuyarudisha kwenye mizani.

Jibu letu basi ni hili: hesabu ya kutajwa isikilizwe kama shahidi, isiketishwe katika kiti cha hakimu. Shahidi huulizwa ameona nini, na huulizwa pia ni yapi ambayo hakuweza kuyaona. Mwaka 2012, katika mkutano wa wataalamu wa bayolojia ya seli mjini San Francisco, lilianzishwa tamko linalotaka kazi ya mtaalamu ipimwe kwa ubora wake wenyewe, wala si kwa sifa ya jarida lililoichapa. Ni neno la busara, lakini lina gharama yake, maana anayetaka kujua ubora wa kazi hana budi kuisoma. Hesabu imependwa na wengi hasa kwa kuwa humwondolea mpimaji taabu ya kusoma. Kamati iliyopewa saa moja ya kuwahukumu watu 10 itashika namba, hata iwe na watu wenye moyo mwema.

Kwa hiyo wajibu ni wa watu watatu. Wa kwanza ni wao wenye kupima. Wasome, japo maandishi mawili au matatu ambayo mtaalamu mwenyewe ameyachagua kuwa bora. Kisha waulize, kazi hii imemfikia nani nje ya majarida? Maafisa ugani na wakulima walioshiriki waweza kuulizwa, nao wana ndimi za kujibu. Wa pili ni mtaalamu. Alipe madeni yake yote. Andiko likitoka, awaelezee wenye mashamba kwa Kiswahili kilichoonekana katika majani yao. Na mbegu iliyotunzwa na wakulima aitaje kwa jina walilolipa wao, kama Namikonga ilivyotajwa. Wa tatu ni sisi wengine, tunaopenda kusikia kwamba kijana wetu ametajwa Ulaya na Marekani, lakini hatumwulizi amegundua nini. Tumwulize. Swali la mama yake juu ya muhogo laweza kumweka katika njia njema kuliko pongezi zetu zote.

Mtaalamu aliyetajwa mara nyingi na akafaa, apewe heshima mbili. Aliyefaa pasipo kutajwa, atafutwe, kwa maana yupo, katika vituo vya utafiti vya mikoani na katika maabara zenye vifaa vichache, akiandika juu ya ugonjwa ambao bado haujawashtua wakubwa. Wenye mamlaka ya kugawa vyeo na fedha za utafiti nchini wanaweza kuanza kumtafuta mwaka huu huu. Wakimngojea mpaka hesabu yake iwe kubwa, huenda mihogo ya mwambao ikawa imekwisha kuoza.